Mpira Wenye Doa

Mtu akiniambia anataka kujifunza biliadi, kwanza humwuliza kama yuko tayari kuonekana mjinga mbele za watu, tena kwa muda mrefu. Wengi hucheka wakidhani natania. Mimi nilianza mchezo huo nikiwa karani kijana katika ofisi moja ya meli karibu na Posta, enzi za Mwingereza. Nilidhani kwa kuwa najua hesabu na mkono wangu ni mzuri wa kuandika, basi mipira itanitii. Haikunitii.

Meza tuliyochezea ilikuwa Kariakoo, upande wa Msimbazi, katika chumba kikubwa nyuma ya mkahawa wa Mwarabu mmoja mzee. Aliinunua kwenye hoteli ya Kivukoni iliyokuwa inafungwa, ikaletwa kwa mkokoteni vipande vipande. Majirani walipoona mabamba ya mawe yakishushwa, kisha yakilazwa na kufunikwa kitambaa cha kijani, walisema Mwarabu amejenga kaburi ndani ya nyumba. Walikuwapo wateja waliokunywa kahawa pale miaka nenda rudi bila kukubali hata siku moja kuvuka kizingiti cha chumba kile.

Nilianza pamoja na rafiki yangu mmoja, fundi cherehani aliyekuwa akishona kwenye baraza ya duka la vitambaa. Ofisi zilifungwa mapema Jumamosi, naye siku hiyo alifunika cherehani yake baada ya adhuhuri, tukakutana pale hadi magharibi. Mchezo tuliocheza ulikuwa wa mipira mitatu, mmoja mwekundu na miwili myeupe. Kila mchezaji alikuwa na mweupe wake, na ili isichanganyike, mmoja ulitiwa doa jeusi. Mimi nilichukua ule usio na doa. Wenye doa ulikuwa wake. Pointi ilipatikana kwa mpira wako kugusa mingine miwili, au kwa mpira kuingia katika mfuko mmojawapo wa ukingoni mwa meza, hata ukiwa wako uliokwisha kugusa mwingine.

Ukweli mchungu wa kwanza niliujua mapema. Tulianza siku moja, tukajifunza kwa kutazama watu wale wale, lakini mwenzangu alikwenda mbele mimi nikabaki pale pale. Nilifika kabla yake kila Jumamosi kufanya mazoezi, na bado alinishinda huku akizungumza habari za suruali za wateja. Hakunicheka.

"Wewe unatazama mfuko," aliniambia mara moja. "Utazame mpira. Mfuko hauendi popote."

Alikuwa na tabia zake. Alikunja kidole gumba cha kushoto ndani ya kiganja alipoiegemeza fimbo ya kupigia, iliyopakwa chaki nchani, jambo ambalo kila mjuzi alimwambia si sahihi. Tena alicheza na pini midomoni, kama alivyozoea kazini. Alipotaka kupiga alibana midomo, akazuia pumzi, na chumba kizima kilionekana kuzuia pumzi pamoja naye. Kisha ungesikia mlio mmoja mkavu wa mpira, na jambo limekwisha.

Homa ilimchukua kwa siku chache tu. Jumamosi tulicheza, Ijumaa iliyofuata tukamzika. Nilishika jeneza, nikatia udongo, nikarudi ofisini. Jumamosi ilipofika, miguu ilinipeleka Kariakoo kabla sijaamua.

Chumba kilikuwa kitupu. Madirisha yalikuwa yameegeshwa kuzuia jua, na mistari ya mwanga ilikuwa imelala juu ya kitambaa cha kijani. Nilipanga mipira mitatu kama kawaida. Nikapiga mpira wangu, nikakosa. Ilikuwa zamu yake. Sikujua la kufanya. Kuuacha mpira wake ukae pale niliona ni kumvunjia heshima, kwa hiyo nikazunguka meza, nikasimama upande aliokuwa akisimama, nikaupiga kwa niaba yake.

Ule wenye doa uliugusa mwekundu, ukagonga ukingo, ukarudi polepole kuugusa wa kwangu, kisha ukaingia mfukoni. Pigo lile mimi nilikuwa sijawahi kulipiga. Nilicheka peke yangu, nikasema ni bahati, nikapiga tena. Likaja jingine kama lile.

Ndivyo ilivyoanza. Kila Jumamosi nilicheza pande zote mbili. Nilipocheza wangu nilikuwa yule yule wa siku zote. Nilipozunguka meza na kuushika wake, kelele za sokoni zilififia kana kwamba mtu amefunga mlango, na mkono ulijua pa kwenda. Siku moja niliutazama mkono wangu wa kushoto juu ya kitambaa, nikaona kidole gumba kimekunjwa ndani ya kiganja. Nilikinyoosha. Nilipoinama tena, kikajikunja.

Sikuogopa mara moja. Nasema kweli, nilifurahi. Nilikuwa nimeomba miaka yote nipate mkono wa namna ile. Watu walianza kuja kutazama, wakasimama ukutani na vikombe vyao, wala hakuna aliyeshangilia. Hilo ndilo lililonifanya nianze kuogopa. Kwa kawaida pigo zuri hupigiwa kelele. Mapigo haya waliyapokea kimya, wakitazamana, na mmoja mmoja akaondoka bila kuaga.

Mwarabu mwenye mkahawa alinivuta kando.

"Midomo yako inabana kitu," alisema.

"Hakuna kitu, mzee."

"Najua hakuna. Ndiyo maana nakwambia. Mimi nimezoea meza hii ichezwe na watu wawili, au mtu mmoja ajifunze peke yake. Sipendi mtu mmoja acheze na watu wakawa wawili."

Niliporudi nyumbani jioni ile nililamba midomo, nikahisi ladha ya chuma.

Nilijaribu kuacha. Jumamosi moja nilikaa kwangu nikajilaza, nikasikia wazi, katika joto la alasiri, mpira ukigonga mpira. Huenda ilikuwa jirani anagonga kitu. Nilivaa kanzu nikatoka. Nilipofika mkahawani, mipira mitatu ilikuwa imeshapangwa mezani. Mwarabu aliapa kwamba hakuigusa, wala hajaingia mle tangu asubuhi.

Eda ya mjane wa rafiki yangu ilipokwisha, siku za mwanzo tu za kutoka kwake nje, alikuja pale. Alipitia mlango wa uani akiwa na shangazi yake mtu mzima, amevaa buibui, akabisha hodi. Mwarabu alipojua ni nani, aliwatoa wateja wote, akakaa mwenyewe kwenye mlango wa mbele. Shangazi alibaki uani kwenye kibao. Mjane aliingia, akasimama mbali na meza.

"Pole kwa msiba, shemeji," nilimwambia, ingawa pole nilikwisha kuipeleka zamani.

"Nimepoa." Aliitazama meza kwa muda. "Hii ndiyo?"

"Ndiyo hii."

"Mimi nilikuwa naambiwa anakwenda kwenye darasa la dini. Kila Jumamosi. Nikifua kanzu yake naona chaki mikononi, nasema ni ile ya kupimia nguo. Fundi si lazima awe na chaki?" Hakuwa na ukali. Aliyasema kama mtu anayejieleza mwenyewe. "Nimemaliza eda, watu ndio wananiambia. Na wameniambia jingine. Wanasema bado anacheza."

"Nimekuja kumwona," alisema.

Nilitaka kukataa, lakini nilimtazama nikaona kwamba alikuwa amejikaza kwa nguvu zake zote kuja mpaka pale. Nikapanga mipira. Nikapiga wangu, nikakosa. Nikazunguka meza.

Kelele za soko zilififia kama kawaida. Kidole kikajikunja. Lakini fimbo ilianza kutetemeka. Nikapiga, mpira wenye doa ukapita mbali na mwekundu, ukaenda kusimama pembeni bila kugusa chochote. Nikajaribu tena, ukawa mbaya zaidi. Mara ya tatu ncha ya fimbo iliteleza, ikakwaruza kitambaa.

Nilisimama wima kwa aibu. "Samahani, shemeji. Labda yalikuwa mawazo yangu tu."

Alikuwa amekuja karibu bila mimi kumsikia. Alikuwa anautazama mkono wangu, si uso wangu.

"La," alisema. "Ndiye. Ananiogopa. Nikimkuta na jambo la siri nyumbani, mkono wake ulikuwa ukitetemeka hivyo hivyo."

Nilitaka kuiweka fimbo chini lakini vidole havikufunguka.

Mjane akasogea hadi ukingo wa meza, akaongea kwa sauti ya chini, sauti ya mke na mume ndani ya chumba chao, ambayo mtu mwingine hapaswi kuisikia.

"Cheza tu, mume wangu. Sina hasira. Ungeniambia, ningekuja kukutazama."

Mkono ulitulia. Niliinama, au niliinamishwa, hilo mpaka leo siwezi kulisema kwa uhakika. Mpira wenye doa ulikuwa mahali ambapo mjuzi yeyote angesema hakuna njia. Ulikwenda polepole, ukagusa ukingo mmoja, ukagusa wa pili, ukaugusa mwekundu kidogo tu kama mtu anayemwamsha mtoto. Mwekundu ukajiviringisha hadi mdomoni mwa mfuko, ukasitasita, ukaingia. Wenye doa wenyewe ulirudi upande ule aliosimama mjane, ukasimama mbele yake.

Hakuugusa. Alifuta uso kwa ncha ya buibui, akasema, "Haya. Inatosha," akatoka uani kwa shangazi yake. Kelele za wachuuzi zikanirudia masikioni kwa ghafla hata nikashtuka.

Jumamosi iliyofuata nilizunguka meza, nikaushika wenye doa, nikangoja. Mtaa ulibaki na kelele zake. Nikapiga, nikakosa kama ninavyokosa mimi. Mkono wake haukunijia tena, wala wiki ile wala miaka iliyofuata.

Yaliyobaki ndiyo magumu zaidi, na hayana mzimu ndani yake. Kwa muda mfupi nilikuwa nimeonja mkono wa mchezaji hasa, kisha nikarudishiwa wangu. Kwa miezi nilichukia kucheza. Nilikuwa najua pigo linavyotakiwa kuwa, nalihisi mpaka begani, na mpira unakwenda kwingine. Watu wanaoanza mchezo huu hawaambiwi hilo, kwamba jicho litakua haraka kuliko mkono, na kwamba wengine mkono hautalifikia jicho kamwe. Rafiki yangu alikuwa na kipawa. Mimi nilikuwa na Jumamosi.

Hata hivyo niliendelea. Nikapata wa kucheza naye, karani wa forodha, mchezaji wa kadiri yangu, mwenye maneno mengi. Tulishindana, tukabishana, tukanywa kahawa. Nilipopata pigo zuri lilikuwa langu, dogo, na nililipenda.

Yule mjane aliolewa tena, akahamia Ilala. Nilikutana naye mara moja tu, miaka baadaye, sokoni Kariakoo kwenye meza za ndizi. Tuliamkiana, akaniuliza hali ya watoto, nami nikamwuliza ya wake. Habari za mchezo hakuzitaja. Ila wakati wote tulipokuwa tunazungumza alikuwa anaitazama mikono yangu, nami bila kufikiri nikaitia katika mifuko ya kanzu, tukaagana hivyo.