Nilipopeleka Mlio Wangu wa Bastola Bukavu

Nilikwenda Bukavu kwa sababu watu wa Bukavu walinicheka.

Mimi ni fundi wa sauti wa tamthilia za upelelezi. Sauti nyingi unazosikia humo hazitoki mahali unapodhani. Mfupa ukivunjika, ni muhogo mbichi nimeuvunja karibu na kipaza sauti. Mlango wa mahabusu ni sinia kuukuu na mnyororo wa baiskeli. Nyayo za muuaji kwenye matope ni ugali wa jana uliolegezwa kwa maji, naukanyaga kwa viatu vya marehemu mjomba wangu. Na mlio wa bastola, hiyo ndiyo ilikuwa fahari yangu: ubao wa mninga ulioangushwa bapa kwenye sakafu ya bafu, ukachanganywa na mkanda wa ngozi unaochapwa ukutani. Ulishatumika katika tamthilia tatu na hakuna mtazamaji aliyelalamika.

Basi Pacifique, mwongozaji wa tamthilia mpya ya polisi inayopigwa picha Bukavu, akanipa kazi ya sauti. Niliifanya nikiwa kwangu Mwanza. Katika sehemu ya kwanza, mnunuzi wa dhahabu anapigwa risasi sebuleni kwake. Pacifique aliwaonyesha majirani, kisha akanipigia simu.

"Papa Tito, batu banacheka," alisema. "Banacheka fasi banapashwa kulia. Muntu anakufa, bo banacheka. Kuya usikie wewe mwenyewe."

Akaongeza kwa upole kwamba nisipoweza kurekebisha, atampa kazi fundi mwingine. Nilinuna siku mbili. Ya tatu nikafunga sanduku.

Mwanza, Jumatatu alfajiri. Mke wangu alinisindikiza stendi akiwa amebeba ubao wa mninga kwapani kama mtu anayepeleka mlango kwa seremala. Ndani ya sanduku nilikuwa na spika kubwa, kinasa sauti, mkanda, mnyororo na vile viatu. Basi lilipita Kahama, tukafika mpakani Rusumo mchana, na usiku nikalala Kigali nimechoka.

Jumanne tulipita msitu wa Nyungwe. Barabara inazunguka na kuzunguka, ukungu umeshika miti, na abiria wote walinyamaza kwa sababu ya kichefuchefu. Mimi nilifungua dirisha nirekodi matone yanayodondoka majanini, mpaka mama aliyekuwa nyuma yangu akaniambia nifunge. Tulipotoka msituni tukakuta mashamba ya chai, kisha mteremko, kisha Ziwa Kivu.

Kwenye mpaka wa Ruzizi nilijitia ucheshi. Afisa alifungua sanduku langu, akavitoa viatu vya mjomba vilivyoganda ugali.

"Hii viatu iko ya nani?"

"Ya muuaji," nikajibu, nikacheka.

Yeye hakucheka. Nilikaa kwenye benchi zaidi ya saa nzima, mpaka Pacifique alipofika na barua zake za ruhusa.

"Papa," afisa aliniambia akinirudishia viatu, "huku hatuchekake na maneno sawa hiyo."

Ningekuwa mwerevu, ningeyashika maneno yale. Niliyasahau kabla hatujamaliza kupanda kilima cha kwanza.

Bukavu, Jumanne jioni. Nilifikia kwa dada yake Pacifique, maman Nsimire, upande wa Panzi. Yeye hufanya kazi ofisini, ana binti wa mwaka mmoja na nusu aitwaye Ghislaine, na anaishi na mama yao, ambaye wote mtaani humwita Koko, yaani bibi. Nilimwamkia shikamoo. Akaniangalia, akamuuliza Nsimire nimesema nini, kisha akanijibu, "Jambo sana," akanisogezea sahani ya sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu. Koko alikuwa na magoti mabovu. Kutoka kitandani hadi jikoni alitembea kwa fimbo, akisimama mara mbili kupumzika, akiyatukana magoti yake kwa Kimashi, lugha ya kwao.

Mtaa ule una kelele za kumfurahisha fundi wa sauti. Fundi wa mabati anagonga, kwaya inafanya mazoezi, pikipiki zinalia honi kupanda mlima, na redio ya jirani haizimwi. Nilisikiliza siku mbili, nikapata jibu. Mlio wangu ulichekesha, nikadhani, kwa sababu ulitengenezwa bafuni. Haukuwa na vilima ndani yake. Dawa yake mafundi wote wanaijua: unaupiga mlio kwa spika mahali penyewe, unaurekodi upya, na mahali panautia mwangwi wake.

Pacifique hakupenda. Alikubali baada ya kumwona mkuu wa mtaa na kupita nyumba kwa nyumba kuwaambia majirani: Jumamosi, saa nne kamili asubuhi, mlio mmoja tu, wa spika. Koko tulimwambia pia, ila siku hiyo angekuwa kanisani na mama wenzake, kwa hiyo hatukuwa na wasiwasi naye.

Jumamosi, saa nne kasorobo. Nilikuwa uani, spika juu ya meza, kila kitu tayari. Upepo uliokuwa unanisumbua tangu asubuhi ukatulia. Nilijua ukirudi sitapata rekodi safi. Robo saa ni nini, nikajiambia. Nikabonyeza.

Baada ya mlio, kwanza sikusikia kitu. Ndipo nikatambua kwamba kweli hapakuwa na kitu cha kusikia. Redio ya jirani ilikuwa imezimwa. Nyundo ya fundi wa mabati ilikatika. Mtoto aliyekuwa analia nyumba ya pili aliacha kulia. Mtaa mzima ulikuwa umenyamaza, nami nimesimama katikati ya uani na vipokea sauti masikioni, nimefurahi kwamba rekodi imetoka safi. Naandika hivyo kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Milango ilianza kufunguka kidogo kidogo. Mkuu wa mtaa aliingia bila kubisha.

"Mulisema dix heures!" alifoka, yaani saa nne. "Iko dix heures sasa? Iko dix heures?"

Kabla sijajibu, Nsimire alitoka ndani anahema. Alikuwa amejitupa chini ya kitanda kabla hajakumbuka kwamba ni mimi.

"Mama iko wapi?" aliuliza. "Ghislaine iko wapi?"

Magoti yalikuwa yamemrudisha Koko mapema kutoka kanisani. Alikuwa amekaa nyuma ya nyumba na mjukuu wake, anatoa maharage kwenye maganda, na mimi sikuwa nimetazama. Tulikimbia nyuma. Beseni lilikuwa limepinduka, maharage yametapakaa. Kitenge cha kubebea mtoto hakikuwepo. Fimbo ilikuwa imeegemea ukuta.

Niliitazama ile fimbo. Mwanamke asiyeweza kufika jikoni bila kupumzika alikuwa amekwenda, na mtoto mgongoni, na barabara za Bukavu zina miteremko na magari yasiyo na breki za kuaminika. Na aliyemfukuza ni mimi.

Tulimpigia Koko, simu ikaita chini ya mto wa kitanda chake. Majirani, walewale niliowatisha, waligawana njia bila kuambiwa: wengine kwenye mtaro, wengine kanisani, wengine barabara kubwa. Nsimire hakunitukana. Ningefarijika kama angenitukana.

Pacifique ndiye aliyesema, "Iko na fasi moja tu. Mu vita alitukimbizaka Nyantende, ku nyumba ya ndugu yake. Nsimire alitembea na miguu, mimi mu mugongo."

Saa nne na nusu, barabara ya Nyantende. Tulipanda pikipiki mbili, Nsimire na kaka yake mbele, mimi nyuma. Nilikuwa nimekumbatia begi la kinasa sauti kwa sababu sikukumbuka kuliweka chini. Tulisimama kila penye watu. Kwa wauza makaa, hakuna aliyemwona. Kwa kinyozi, hakuna. Kila tuliposimama Nsimire aliuliza kwa sauti ndogo zaidi. Nje kidogo ya mji, mama mmoja anayeuza parachichi aliinua kichwa.

"Koko moja na mutoto mu mugongo? Nilimuona. Alikuwa natembea sawa musichana. Gari moja, kamionette ya makaa, ilimubeba."

"Mutoto iko muzima?"

"Mutoto alikuwa nacheka."

Tukapanda pikipiki tena.

Nyantende, karibu saa tano na nusu. Nyumba ya marehemu ndugu yake Koko, anamoishi mjane wa ndugu huyo, iko ndani ya migomba, mbali na barabara. Mlango ulikuwa umefungwa. Dirisha limefungwa. Jikoni hakukuwa na moshi. Kama nisingejua, ningesema hapo hapaishi mtu.

Nsimire alisogea mlangoni. "Mama," aliita polepole. "Fungula. Iko mimi. Hakuna vita. Ilikuwa papa Tito na mashini yake."

Kuku mmoja alilia ndani, akanyamazishwa. Halafu nikasikia gogo la mlango likiondolewa, likikwaruza ukuta.

Koko alisimama pale na Ghislaine mgongoni, mtoto amelala fofofo. Nsimire aliwakumbatia wote wawili kwa pamoja. Pacifique aligeuka akaangalia migomba. Mimi nilikaa chini kwenye udongo na kulia, na sioni haya kusema hivyo. Sijawahi kufurahi kumwona mtu namna ile.

Baada ya kitambo Koko aliwasha tena moto ambao mjane aliuacha alipokwenda sokoni, akaweka maji ya viazi. Nilipiga magoti kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ile masasi yako," alisema, akimaanisha risasi yangu, "haikuwa masasi."

"Ulijua?"

"Nilijua. Masasi inapigaka, kisha mulima inairudisha. Yako ilikufia palepale mu kiwanja. Iko bongo, uongo tu."

"Sasa mbona ulikimbia, Koko?"

Aliniangalia kama anavyomwangalia Ghislaine akitia mchanga mdomoni. "Unataka ningoje nijue muzuri? Miguu haikuniuliza. Magoti nayo leo haikusema kitu. Kesho itasema."

Nikamuuliza alifanya nini alipoingia mle ndani. Niliuliza kwa kutaka kujua tu, sikuwa nafikiria kazi. Akajibu kwa kuonyesha. Alisukuma gogo mlangoni. Alimpa mtoto kidole anyonye. Kisha akachukua kopo, akainamia makaa. Moshi unaonekana kutoka barabarani, alisema. Kwa hiyo moto lazima uzimwe. Akamwaga maji kidogo pembeni mwa jiko, nami nikasikia mchemko mfupi wa makaa yanayokufa, na baada yake ukimya wa nyumba ambayo wenyewe wameamua kwamba haina mtu.

Hiyo ndiyo sauti niliyokuwa naitafuta tangu Mwanza.

Niliogopa kuomba. Safari hii nikaomba. Koko alifikiri, akasema nirekodi, ila kwa sharti: nisipige tena ile yangu mahali popote watu wanapoishi. Nikaapa. Akamwaga mara tatu, kila mara akisubiri niseme iko sawa, na mara ya nne akaninyima. Viazi vilikuwa bado vibichi na watu wana njaa.

Tulirudi Bukavu jioni kwa gari la jirani aliyekuja kutufuata. Nilipita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, nikaanzia kwa mkuu wa mtaa, ambaye alinionyesha saa ya ukutani.

Jumatatu nilimsikilizisha Pacifique ile rekodi, nikataka ishike nafasi ya mlio wa bastola. Alikataa. "Filme ya polisi bila masasi? Batu batasema tulikosa vifaa."

Tulibishana hadi chakula cha mchana. Mwishowe tulikubaliana hivi: mnunuzi wa dhahabu ataonekana anamfungulia mgeni mlango, halafu picha itahamia jikoni kwa jirani yake, mwanamke anayepika. Mwanamke atanyanyua kichwa. Atamwaga maji kwenye makaa. Basi. Picha hiyo ilipigwa Jumatano, nami nikaweka chini yake sauti ya Koko.

Jumapili, baada ya misa, sebuleni kwa Nsimire. Majirani walewale waliocheka mara ya kwanza waliitwa tena. Walikuja wengi, wengine, nafikiri, kwa hamu ya kunicheka ana kwa ana. Koko alikaa kiti cha karibu na mlango, fimbo mapajani, Ghislaine miguuni. Nilimwambia mapema kila kitakachotokea na dakika yake. Hata hivyo sikutazama televisheni. Nilitazama magoti yake.

Mgeni akabisha. Mnunuzi wa dhahabu akafungua. Jikoni kwa jirani, mwanamke akanyanyua kichwa, na maji yakagusa makaa.

Hakuna aliyecheka. Fundi wa mabati alivua kofia. Mama mmoja nyuma alisema, "Eh, Mungu," kwa sauti ya chini. Koko aliishika fimbo yake kwa nguvu, halafu akailegeza. Hakuinuka. Alikaa mpaka mwisho, na majina yalipoanza kupanda kwenye kioo alimgeukia Pacifique.

"Sasa mumukamate ule muuaji," alisema.

Niliondoka Jumanne. Ubao wa mninga nilimwachia Nsimire, na nasikia unafaa sana kukatia nyama. Kwenye mpaka afisa alikuwa yuleyule. Aliuliza viatu ni vya nani, nikasema ni vya mjomba wangu marehemu, akanipa pole, nikapita.

Kazi yangu bado ni kudanganya masikio ya watu, na muhogo bado ni mfupa. Ila sasa nikipewa tamthilia yenye mauaji, nauliza kwanza nani yuko nyumba ya pili na anafanya nini. Mlio wangu wa bastola nimeufuta. Kabla ya kurekodi mahali wanapoishi watu, natazama nyuma ya nyumba mimi mwenyewe, na saa nne ni saa nne.

Juzi Nsimire alinitumia ujumbe wa sauti. "Papa Tito, jambo. Mama anauliza, ule muuaji, mulisha kumukamata?" Koko naye akaingilia kati kwa kelele kwamba asidanganywe. Niliusikiliza mara ya pili kwa vipokea sauti vya kazini, kama ninavyosikiliza kila kitu. Nyuma ya sauti zao redio ya jirani ilikuwa imewashwa, Ghislaine alikuwa anagonga sufuria, na jikoni moto ulikuwa unawaka.