Mama Taipu na Herufi ya Bluu

Kabla ya kufungua duka la intaneti, Mama Taipu alikuwa mpigachapa. Alikaa na taipureta yake kwenye kibaraza cha ofisi ya mawakili, na mtu aliyemwendea akisema "nataka barua" alirudishiwa swali: "Ya kumwambia nani, nini?" Hakugusa kitufe kabla hajajibiwa. Wengine walimwona mjeuri, lakini walirudi, kwa kuwa barua zake zilisema walichokusudia.

Taipureta zilipokosa kazi, alikodi chumba kando ya saluni, akaweka kompyuta chache zilizokwishatumika na kuzitenga kwa mbao ili kila mtu asome yake. Mdogo wake, fundi wa kompyuta, alivuta nyaya na kuunganisha laini ya simu.

Kila mashine ilikuja na herufi ya bluu kwenye skrini. Ilikuwa Internet Explorer, kivinjari cha kufungulia kurasa za mtandao. Kule kwa mawakili, kwenye kompyuta ya ofisi, Mama Taipu alikuwa amezoea kivinjari kingine, Netscape, na kukipenda, lakini kukipakua kwa laini ile iliyojikokota kulitaka moyo. Ile ya bluu ilikuwapo tayari. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya umaarufu wake, na sioni haja ya kuipamba. Watu wengi hawakuipima wakaiona bora. Waliikuta mlangoni, wakaingia nayo. Muda si mrefu wakasahau kwamba ni programu, wakaiita "mtandao."

Miongoni mwa wateja alikuwamo dereva mstaafu wa lori aliyeitwa Gia Moja, kwa mwendo wake barabarani na kwa jinsi alivyotafuta herufi kwenye kibodi. Binti yake alikuwa nchi ya mbali, mjamzito, na mzee alikuja na mkewe kila wiki kusoma barua pepe. Yeye alisoma kwa sauti ya chini, mkewe akitaja ya kujibu.

Siku moja, katikati ya barua, kidirisha cha tangazo kikachomoza chenyewe: mwanamke asiye na nguo, skrini nzima. Mzee akakibonyeza kukifunga, vikaja vingine viwili. Msusi wa saluni ya jirani, aliyekuwa kwenye mashine ya pili, akacheka.

"Gia Moja leo ametia ya tano."

Mzee alisimama, akamwomba mkewe radhi mbele za watu kwa kosa asilolijua, wakaondoka. Wiki iliyofuata hawakuja. Wala iliyofuata.

Mama Taipu alimwita mdogo wake. "Vile vidirisha vizuiwe."

"Kwa hii ya bluu tuliyo nayo ni shida, dada. Iko nyingine mpya, Firefox, yenye picha ya mbweha. Hiyo inavizuia yenyewe."

"Iweke. Na ya bluu iondoe isionekane."

Hapo ndipo alipokosea hesabu. Asubuhi yake wateja waliketi, wakatazama skrini, wakainuka.

"Mama Taipu, mtandao leo haupo?"

"Upo. Bonyeza huyo mbweha."

"Mimi sitaki mnyama, nataka mtandao."

Wakavuka barabara kwa mpiga picha, ambaye naye alikuwa na kompyuta, zenye herufi ya bluu. Hata msusi alihama. "Shoga, siwezi kuhangaika na mifugo," alisema akipita.

Mdogo wa Mama Taipu alikuwa na dawa. "Nachukua picha ya ile herufi naibandika juu ya mbweha. Wanabonyeza walichozoea, wanapata kizuri. Hawatajua."

"Nami nitakuwa nimewafanya nini?"

"Utakuwa umewasaidia."

"Nitakuwa nimewadanganya kwa faida yao. Walioleta zile picha nao watakwambia walikuwa wanatuburudisha. Acha."

Wapo watakaosema huo ulikuwa ugumu wa kichwa bure. Mimi sioni hivyo. Asiyejua anachobonyeza hana cha kujitetea nacho kikimgeuka, na Mama Taipu alikwisha kumwona mmoja wa namna hiyo akiomba radhi.

Siku hiyo alifunga duka mapema, akaenda kwa Gia Moja. Alimkuta uani akirekebisha kiti, mkewe akichambua mboga.

"Baba, ile picha hukuileta wewe."

Mzee hakuinua kichwa. "Mkono ulikuwa wangu."

"Tangazo lile linajileta. Lingemtokea hata mama hapa angekaa kwenye kiti."

Mkewe aliacha kuchambua. "Mimi nilimwambia. Miaka yote barabarani hakunitia aibu, aje aanzie kwenye kompyuta?" Kisha akamgeukia mgeni. "Mwanangu ameshajifungua au bado? Hilo ndilo ninalotaka kujua. Huyu anasema hagusi tena."

"Nimeweka chombo kingine," Mama Taipu akamwambia mzee. "Lakini sitakiita mtandao. Nitakuonyesha ni nini, ukikataa, nitakurudishia cha zamani."

Walikuja kesho yake. Duka lilikuwa tupu. Mzee aliketi mbali kidogo na meza, kama mtu aliyekaribishwa kwenye nyumba yenye mbwa.

"Haya, niupate wapi mtandao?"

"Mtandao haubonyezwi, baba. Unataka nini?"

Mzee alifikiri. "Nataka barua ya mwanangu."

"Basi huyo mbweha ni gari tu. Barua iko kule uendako. Ile ya bluu ilikuwa gari jingine."

Hilo alilielewa bila kurudiwa. Akabonyeza. Ukurasa ulifunguka pole pole, na hapakuchomoza kitu. Barua za binti zilikuwa zimepangana, ya mwisho ikiuliza kama baba anaumwa. Chini yake palikuwa na picha ya kichanga, ikishuka mstari kwa mstari: kofia, paji la uso, macho yaliyofumbwa.

"Pua yako hiyo," mkewe akasema.

"Masikini," mzee akajibu, akaanza kutafuta herufi za kumjibu binti.

Tangu hapo Mama Taipu alirudia desturi yake ya kibarazani: hakuna aliyegusa kitufe kabla hajasema anataka nini. Herufi ya bluu aliirudisha kando ya mbweha, kila moja akaieleza. Wateja hawakurudi wote. Wengi walibaki kwa mpiga picha, wakifunga vidirisha kama mtu anayefukuza nzi, na duka halikujaa tena kama zamani.

Msusi alirudi. Aliingia wakati Gia Moja akiwa kwenye kiti chake, akaketi bila kusalimu, akatazama skrini.

"Ehe, mtandao ndio upi hapa?"

Mama Taipu alikuwa akihudumia mwingine. Mzee aligeuza kiti taratibu.

"Kwanza sema, mwanangu," akamwambia. "Unataka nini?"