Vijiko vya Baba Vilivyong'arishwa

Mimi miaka siijui kwa namba, ninaijua kwa sahani. Ule ulikuwa mwaka tuliokula bukari, ugali wetu, ya mihogo mitupu, mihogo iliyovunda kabla ya kukauka, unga wake wa kijivu, na harufu yake ya ukungu ilikaa katika nguo, katika nywele, hata katika kitambaa cha mama cha kwendea kanisani. Mahindi yalikuwa yamekufa shambani. Viwavi wa msituni, ambao kila mwaka walituokoa, walikuja wachache, wakauzwa kwa wenye mshahara mnono. Majani ya viazi tulichemsha bila mafuta. Ukimwambia mtu wa rika langu hapa Kolwezi, "mwaka wa mihogo ya kijivu," atakunja pua kwanza, ndipo aseme ndiyo. Katika mwaka huo, nyumba yetu peke yake katika mstari mzima wa nyumba za kambi ya mgodi ilinuka samaki. Jumapili jioni majirani walikuwa wanapita polepole mbele ya mlango wetu, wakijifanya wanatafuta kuku aliyepotea.

Baba yangu alikuwa fundi wa vyuma katika karakana ya mgodi. Hakupata mtoto wa kiume aliyeishi. Alinipata mimi, Ngoie, na wadogo zangu wawili wa kike walionifuata. Jumapili, misa ikiisha, alinipandisha nyuma ya baiskeli tukaenda mpaka ziwa la Nzilo, pale mto Lualaba ulipozibwa na ukuta, maji yakalala juu ya miti, na vichwa vya miti vikabaki vimesimama vikavu ndani ya maji. Kati ya miti hiyo ndimo alimokaa samaki ambaye sisi watoto tulimwita Domo, kwa sababu mdomo wake ulikuwa mpana kupita akili yake. Domo hali minyoo kama samaki wa kikapu. Anataka kitu kinachokimbia. Kwa hiyo baba alimtengenezea vijiko.

Nisikilizeni vizuri, sisemi vijiko vya kulia uji. Ni vipande vya bati vilivyokatwa kama jani, vikapigwa nyundo katikati mpaka vikapata tumbo, vikatobolewa matundu mawili, huku uzi, huku ndoano. Ukivivuta majini vinayumba kama samaki mdogo aliyeumia. Baba alivikata kutoka mabaki yaliyotupwa nyuma ya karakana, shaba nyekundu, shaba ya manjano, na alumini ya sufuria zilizotoboka. Juu ya kila ndoano aliweka kipande cha waya wa mwavuli, kimekunjwa ili ndoano isishike matawi. Vyote vilikaa katika kopo la maziwa ya unga, kila kimoja kimevingirishwa jani kavu la mahindi kama mtoto mchanga. Na havikufanana. Hapo ndipo penye habari yangu. Kimoja kiling'aa mpaka kikauma macho. Kingine alikiacha nje kwenye mvua mpaka kikaota ukijani. Kingine alikitundika juu ya moto wa kuni, kikala moshi wiki nzima, kikawa cheusi kama sehemu ya chini ya chungu. Mama alicheka, akasema mume wake ndiye mwanamume pekee Katanga anayepika vyuma.

Tukifika ukingoni, baba hakugusa kopo kwanza. Aliniambia, "Mama, tia mukono." Aliniita mama kwa sababu nilibeba jina la mama yake. Nilipiga magoti, nikazamisha mkono mpaka kiwiko. "Unaona nini?" Kama mkono ulipotelea kwenye kifundo, yale maji mekundu ya mvua, nilisema sioni kitu, naye alitoa shaba inayong'aa, kubwa, yenye tumbo nene, ili Domo aione na kuisikia ikitikisa maji. Kama niliona vidole lakini si kucha, ilikuwa zamu ya ile ya ukijani. Na kama niliona kucha zangu na uchafu ulio chini yake, alisema, "Basi kamata ile ya moshi." Hii ilikuwa katika kipwa, miezi yetu ya ukavu na baridi, mvuke unapotoka majini asubuhi na maji yanakuwa meupe kama ya kisima. Katika maji hayo Domo anakuona wewe kabla hujamwona yeye. Kitu kinachong'aa kinamtia hofu. Unamtupia cheusi, kidogo, unavuta taratibu, unaacha kishuke chini karibu na shina, unahesabu pumzi, ndipo unavuta tena. Upepo ukikunja uso wa maji, unabadilisha. Wingu likifunika jua, unatoa alumini. Sikuandika hata neno moja. Yaliingia kwa njia ya mkono wenye baridi.

Wanawake wa vijiji vya ziwani walivua kwa vikapu, wakiwa wamepangana majini, wakiimba. Ndoano ni ya wanaume. Waliponiona na ufito wangu walikufa kwa kicheko. "Ngoie! Ndevu itaanza kukuota lini?" Mwingine alidakia, "Huyu tutamutafutia bibi, hapana bwana!" Nilitaka kulia. Baba hakugeuza hata kichwa. Alisema kwa sauti ya kuwafikia, "Samaki haangaliake kama ni sketi ao pantalo." Siku hiyo nilimtoa Domo ambaye kichwa chake kilifunika sahani nzima, na wale wanawake walikuja wenyewe kumshika tumbo. Sioni haya kujisifu. Nilikuwa bado sijaota matiti, na nililisha watu.

Mwishoni mwa mvua kifua kilimuua baba. Alikohoa tangu Krismasi, akaendelea kwenda kazini, kisha siku moja hakuamka. Kilio kilifanyika mbele ya nyumba yetu. Mama alinyolewa nywele, akaketishwa juu ya mkeka, akakatazwa kusema, ndivyo ilivyokuwa desturi. Na desturi haikuishia hapo. Watu wa ukoo wa baba walikuja wakalia vizuri sana, nakwambia walilia kuliko sisi, na walipomaliza kuzika walinawa mikono wakaanza kutoa vitu ndani. Baiskeli. Cherehani. Kitanda. Sufuria ikiwa bado ina majani ya viazi ndani. Mimi niliketi juu ya kopo la maziwa, nikashusha sketi lisionekane. Shangazi yangu, dada wa baba, aliniona. Alinishika mkono akaninyanyua kama kuku. "Ondoka pale, mutoto! Bitu ya kaka yangu si kiti yako!" Kopo lilipewa baba mudogo Mwepu, mdogo wake baba, mwuzaji wa makaa. Alilitikisa, akasikia shaba ikilia, akatabasamu mbele ya msiba. Mama alikuwa anatazama kutoka kwenye mkeka wake, kichwa kikiwa cheupe, mdomo umefungwa.

Nyumba ilikuwa ya kambi, na kambi iliitaka. Tukahamia kwa baba mudogo, katika kibanda cha kupikia nyuma ya nyumba yake, kando ya barabara ya ziwani. Watu walimsifu kwa ukarimu wake. Mama alipondaponda mihogo yao, akafua nguo zao, na sisi tulikula yaliyobaki chini ya chungu. Kipwa kikaingia. Baba mudogo alipanga kuvua kila siku na kukausha samaki wa kuuza mjini Mutshatsha, maana njaa ilikuwa imepandisha bei ya samaki kuliko ya nyama. Asubuhi ya kwanza nilitoka kibandani nikiwa nimejifunga kitambaa kwa baridi, nikamkuta mke wake ameketi na beseni, majivu na ndimu. Alikuwa anasugua vijiko vya baba. Vyote. Kile cha ukijani, kile cha moshi, vyote alikuwa amevitoa uchi, akavipanga juu ya gunia, vinang'aa sawasawa kama vyombo vya altare. "Baba yako alikuwa na uchafu," aliniambia, bila ubaya, kama mtu anayenisaidia. "Shaba ni ya kungaa." Kwetu sisi watu wa shaba ndivyo tulivyo. Shaba inayong'aa ndiyo yenye bei, ile iliyofifia tunaona aibu nayo kama mtoto asiyeoga. Moshi wa wiki nzima, mvua za miezi, kazi yote ya baba ilikuwa imekwenda na maji machafu ya beseni, na kuku walikuwa wanayanywa.

Nilipiga chafya kwa sababu ya majivu, basi.

Baba mudogo alikwenda ziwani siku hiyo, na iliyofuata, na iliyofuata. Maji yalikuwa meupe, unaona mpaka mizizi. Alitupa jua ndani ya maji, na Domo akakimbia. Wanawake wa vikapu, wale wale walionicheka, walimwita kutoka majini, "Tata Mwepu, unavua samaki ao unaitia ndege?" Alirudi na ufito begani, na kila siku sauti yake ilizidi kuwa kali kwa mama. Mihogo haikupondwa vizuri. Watoto wanakula sana. Mwisho alikuja kibandani mwenyewe, mchana, akachuchumaa mbele yangu kama mtu anayebembeleza mbuzi. Kopo lilikuwa mkononi.

"Mutoto ya kaka, kuya hapa. Baba yako alikuwa anafanya namna gani? Maji ni safi, kijiko inangaa, samaki inakimbia. Sema tu. Ukisema, munabaki hapa, munakula samaki pamoya na sisi. Ukikatala, hii kibanda niko na kazi nayo."

Ndivyo ilivyokuwa, na nilielewa vizuri. Kwa upande mmoja kulikuwa na paa, na mama, na matumbo ya wadogo zangu yaliyovimba kwa mihogo. Kwa upande mwingine kulikuwa na kitu kimoja tu cha baba ambacho hawakukibeba, kwa sababu hawakukiona. Wangekiona siku ile wangekitoa mlangoni pamoja na kitanda. Nilimtazama mama. Alikuwa amesimama na mchi mkononi, nywele zimeanza kurudi kama manyoya ya kifaranga. Hakunipa ishara yoyote. Nikasema, "Mi sitasema. Bijiko ulikamata, basi uliza maji."

Alinipiga kofi lililonifanya nione nyota mchana. Mama aliweka mchi chini. Alijitanda kitambaa, akamfunga mdogo mgongoni, akaniambia maneno mawili tu, "Beba kikapo." Tulitembea kando ya reli mpaka Mutshatsha, kwa watu wake, na huko alichoma makaa mpaka mapafu yake yakawa meusi, naye pia akafa akikohoa. Mimi shule niliiacha hapo. Ndiyo maana mjukuu wangu ndiye anayesahihisha maandishi haya, na nimemkataza kunyoosha maneno yangu. Baba mudogo, nilisikia baadaye, aliuza vijiko vyote kwa uzito, kama mabaki. Watu huniuliza kama najuta. Wanauliza kwa sababu hawakuwa pale kuona beseni lile.

Nimezeeka vizuri. Nimezaa, nimezika, nimerudi Kolwezi. Binti yangu anauza samaki wakavu soko la Fungurume na hakuna anayemdanganya. Wajukuu wangu wa kike wote nimewatia mkono majini, na mmoja anafua vijiko kwa nyundo vizuri kuliko babu wa mama yake. Lakini maji hayasemi tena kama zamani. Zamani maji mekundu yalikuwa mvua na maji meupe yalikuwa baridi. Leo nazamisha mkono kwenye vijito vingine, naona kucha zangu zote, maji mazuri ya kupiga picha, na ndani hakuna hata kiluwiluwi. Kwingine yana rangi ambayo baba hakuniambia jina lake, na mkono unawasha mpaka jioni. Vijana kutoka pande zote za Kongo wanachimba chini ya nyumba zetu, wanatafuta ile ile inayong'aa. Nzilo bado ina samaki, kwenye pembe zake, kwa anayejua. Sisi tuliokuwa na njaa tulikuwa na ziwa. Hawa wana simu, wana pikipiki, na wanakula samaki wa barafu aliyetoka nchi asiyoijua hata mwuzaji.

Kipwa kilichopita baba mudogo Mwepu alikuja kwangu. Bado anaishi, fikirini. Aliletwa na gari la mtoto wake, ambaye Jumamosi hupeleka matajiri Nzilo kwa mtumbwi wa mota wakacheze kuvua. Mtoto alikuwa na sanduku zima la samaki wa plastiki wenye macho, rangi zote, na wageni wake wanarudi mikono mitupu wakinuna. Nilimpa mzee kiti kizuri. Nilimnawisha mikono. Nilimpa bukari ya mahindi, nyeupe, na Domo mzima aliyekaangwa, kwa sababu yeye ni mdogo wa baba yangu na mimi si mtu wa kufukuza mzee kwa njaa. Alikula mpaka akalamba mifupa. Akauliza ni nani aliyemvua. Nikasema mjukuu wangu, jana. Mtoto wake akafungua sanduku, akaliweka miguuni pangu.

"Mama Ngoie," mzee alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita mama, "nitakufa sasa hivi. Saidia mutoto. Hii maji ya kipwa inatakaka gani?"

Nilimpa maji ya kunywa, nikangoja amalize, nikachukua kikombe. Kisha nikamjibu.

"Mi sitasema. Bijiko ulikamata, basi uliza maji."