Mtambo wetu wa Thika ulichukuliwa, lakini sauti yangu iliendelea kusoma majina

Wakuu wa jukwaa, habari zenu. Mimi ni cucu, nyanya wa miaka themanini na kitu, na mjukuu wangu hapa mtaa wa Kahawa Sukari ndiye ana-type. Nitasema tu yale niliyoona. Chumvi nimewaachia nyinyi.

Naona mnalia vile redio ndogo za mtaani zinafungwa juu ya masharti mapya ya leseni. Hii kitu si ya leo.

Miaka ya hamsini, wakati wa Emergency ya mkoloni, nilifanya kazi Thika kwa Mhindi mmoja fundi wa redio. Tulimwita Bwana Fundi. Aliunda mtambo mdogo wa kurusha sauti, na alikuwa na barua ya ruhusa.

Haikuwa FM kama zenu. Ukipita mtaa wa Kamenu hapo Thika kidogo, husikii kitu.

Kila saa kumi jioni nilisoma majina ya watu waliopotezana na jamaa zao kwa misako. Yaliletwa kwa karatasi. Wengine walipatana hivyo.

Baba yangu pia alikuwa ameshikwa. Jina lake sikuwahi kulisoma. Niliogopa askari wakijua mimi ni mtoto wake, watanichukua pia.

Halafu sheria ikabadilika. Mtambo wowote, hata uwe mdogo aje, upelekwe ofisi ya serikali, na barua za zamani zimekufa. Bwana Fundi hakubishana. Aliufungua mwenyewe, tukaupeleka.

Kesho yake saa kumi alikuwa anajaribu redio ya mteja. Ikatoka sauti ya msichana akisoma majina.

Ilikuwa sauti yangu. Na mimi nimesimama hapo, mdomo nimefunga.

Bwana Fundi aliniangalia, akaangalia redio. Jina la mwisho likasomwa polepole: "Kamau wa Njoroge, mtu wa Kamenu. Yuko Ruiru, shamba la kahawa. Ni mgonjwa."

Huyo ni baba. Redio ikanyamaza.

Pasi ya kwenda Ruiru niliipata kesho yake, na siku iliyofuata nikaenda na mama. Tulimkuta kwa nyumba za wafanyakazi, amekonda, ametoroka kizuizini na anatumia jina lingine. Nilidhani atashtuka.

Akasema tu, "Nilikuwa nawangoja. Juzi nilikusikia ukisoma jina langu."

Nikamuuliza alisikia kwa redio ya nani. Akasema hapo hakuna redio.

Tulikaa naye wiki mbili, akatuacha.

Watu waliendelea kuja dukani na karatasi zao. Tuliwarudisha nazo. Hiyo inanisumbua kuliko ile sauti.

Nilichojifunza: ukiwa na mahali pa kusema jina la mtu wako, lisome mapema. Sheria haingoji uache kuogopa.

Kama kuna mtu wa Thika ama Ruiru ambaye mzazi wake aliwahi kumwambia alisikia majina jioni ile, aandike hapa chini. Yalikuwa mengi, na mimi nilishika moja tu.