Mlango wa Bangkok na Mlango wa Pangani

Kwenye basi la Dixon Road, huku ughaibuni, dada mmoja niliyekulia naye Pangani alinionyesha picha za safari yake ya Bangkok: mtaa wa kale kando ya mto, maduka ya viungo, tambi za moto, nyumba za mbao. Mlango mmoja wa nakshi akaukuza kwa vidole viwili, akasikitika.

"Wenzetu wanatunza vyao, kaka. Sisi hovyo kabisa."

"Na nyumba ya bibi yako, ile ya kando ya mto?"

"Tulishabomoa. Sasa ina vigae na vioo, utaipenda!"

"Na ule mlango wa nakshi?"

"Mbao zake kavu hizo! Ndizo zilizoivisha pilau siku ya kuhamia."

Ningekuwa Mthai, nisingemruhusu mtaani kwangu akiwa na njaa.