Vichwa vya Magunia ya Shangazi Emerensiana

"Shangazi, kwa nini usikatae?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la nne, tumekaa shambani kwake ng'ambo ya Kifanya, mbele yetu gunia la viazi limejaa hadi mdomoni. Shangazi Emerensiana alikuwa anashonea wavu juu yake na kuongeza viazi mpaka gunia likaota kichwa. Hiyo ndiyo lumbesa. Mnunuzi analipia gunia moja, anaondoka na gunia pamoja na kichwa chake. Shangazi akanituma maji.

Sasa niko kidato cha tatu. Darasani tumefundishwa kwamba lumbesa ni kosa kisheria, nami nikafurahi kama mjinga.

Mwaka huu, viazi vikiwa vimekomaa, afisa mmoja alikuja kwenye mkutano wa kijiji, shati limepigwa pasi. Akasema lumbesa basi. Jumatatu inakuja mizani, viazi vitauzwa kwa kilo, na mnunuzi mkorofi atakiona. Watu wakapiga makofi. Shangazi alipiga kuliko wote.

Kwetu mtu hachimbi viazi kabla lori halijafika. Kiazi kikiwa ardhini kinakusubiri. Kikishatoka, mwanga unakigeuza kijani, na cha kijani hakuna anayekitaka. Shangazi anajua hilo tangu hajaolewa. Lakini aliiamini ile Jumatatu. Akachimba shamba zima, akajaza magunia, akayafunga bapa kama sheria inavyotaka. Ndani ya magunia yale ndimo ilimokuwa pesa ya mbolea na mbegu ya msimu ujao. Hana kingine.

"Safari hii wataniheshimu," akaniambia.

Jumatatu mizani haikuja. Likaja lori kutoka Makambako, na dalali wake, Sadock, kijana wa maneno mengi.

"Kamwene, mama. Mbona magunia yako yamenyolewa?"

"Ndiyo sheria, mwanangu."

"Sheria iko Njombe mjini. Mimi niko hapa. Shonea vichwa tupakie."

"Sishonei. Lete mizani."

Sadock akawageukia wapakiaji. "Mama anataka kupimwa. Nani anampeleka hospitali Ilembula?"

Wakacheka. Lori likasogea hadi kwa jirani yetu, mzee Danford, ambaye mkutanoni alikaa mstari wa mbele na kupiga makofi. Magunia yake yalikuwa yameshashonewa vichwa, tena vikubwa. Nilipomkazia macho, akajifanya anatafuta ng'ombe.

Nikampigia afisa, maana namba alitupa mwenyewe. Akasema mizani ipo, inasubiri gari, na gari linasubiri mafuta.

"Mwambie shangazi yako avumilie kidogo."

"Na viazi niviambie vivumilie?"

Akakata simu. Mpaka leo sielewi tangazo lilipandaje gari likafika kwetu, mizani ikabaki. Maafisa wangekuwa wanachimba kwanza shamba lao zima ndipo watangaze, tungeona kama Jumatatu ingechelewa.

Tukafunika magunia kwa majani makavu. Kila tulipofunua, ukijani ulikuwa umeongezeka. Shangazi akaacha kula, na mimi nikaacha kumsalimia Danford. Nilifundishwa kuwaamkia wakubwa, lakini shikamoo ilinikwama.

Ijumaa Sadock akarudi, safari hii bila haraka. Akachukua kiazi kimoja, akakigeuzageuza.

"Hivi ni vya kijani, mama. Nitakusaidia tu. Ila vichwa viwe virefu kuliko vya mzee Danford."

Shangazi akaingia ndani, akatoka na wavu, akaanza kushonea vichwa.

"Shangazi, unamkubalia huyu?" Nilisema kwa sauti, makusudi, Sadock asikie.

Hakuacha kushona.

"Zamani uliniuliza kwa nini nisikatae," akasema. "Mwaka huu nimekataa, umeona. Mmoja akikataa, lori linahamia kwa Danford."