Bei iliyofungwa chini ya shali

Saa mbili na nusu asubuhi. Arbia Sakariye hajamaliza kufungua mlango wa chuma wa ofisi yake mtaani Waberi, mjini Garissa, wakati mama mmoja asiyemfahamu anapompita ubavuni. Mama huyo anaingia ndani, anakalia kiti cha wateja na kuegemeza mkongojo wake kwenye printa.

"Nataka ndege," anasema kwa Kisomali, kama mtu anayeagiza kilo ya sukari.

"Ya kwenda wapi, ayeeyo?" Arbia anauliza, akimwita bibi kwa heshima.

"Kutulo."

"Kutulo hakuna ndege."

"Najua. Nipeleke karibu."

Mgeni huyo anaitwa Ebla. Ni mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Kaunti ya Mandera, na ameelekezwa hapa na dereva wa bajaji aliyemwambia kwamba huyu ndiye mwanamke anayepata nauli za chini. Miezi miwili iliyopita alianguka na kuvunjika nyonga. Amewekewa chuma hapa Garissa, na daktari amemkataza kabisa safari ndefu ya basi kwenye barabara za makorongo.

Lakini huko Kutulo binti yake wa mwisho, Hani, amejifungua mtoto wa kwanza. Arobaini inatimia Alhamisi. Siku hiyo mama mzazi hutoka nje ya nyumba na mwanawe kwa mara ya kwanza, na Ebla alishamwambia Hani kwamba mikono itakayomtoa mtoto huyo mlangoni ni yake.

"Nikifika Ijumaa, nimefika kwa mtoto wa watu," anasema.

Arbia anawasha kompyuta na kuvuta pumzi ndefu. Anajua kinachofuata, kwa sababu hukirudia karibu kila siku ya kazi. Abiria wa Garissa anayetaka kwenda kaskazini kwa ndege lazima kwanza asafiri kwenda Nairobi kwa gari, kisha apande ndege Uwanja wa Wilson ageuze njia.

"Kiwanja kiko hapa hapa, nimekiona kwa macho yangu," Ebla anapinga. "Kwa nini nirudi nyuma ili niende mbele?"

"Ayeeyo, swali hilo naulizwa kila wiki, na sijapata jibu la kumpa mtu akaridhika. Ndege ya abiria ninayoweza kukukatia inaanzia Nairobi. Lami ya kwenda kule ni nzuri, utalala kiti cha nyuma cha gari dogo. Ukishuka Mandera, wanao waje na gari wakupeleke Kutulo polepole."

Arbia, mwenye umri wa miaka thelathini na minne na mama wa watoto wawili, alianza kwa kuuza tiketi za mabasi. Miaka saba iliyopita aliona wateja wakipandishiwa bei na madalali wa mtandaoni, akaamua kujifunza jinsi nauli za ndege zinavyopanda na kushuka. Leo anajua kwamba Jumanne ni nafuu kuliko Ijumaa, kwamba wiki ya kuelekea Idi si ya maskini, na kwamba katika ndege ndogo viti vya bei ya chini huwa vichache mno.

Kwa kila tiketi hubaki na kati ya shilingi mia tatu na mia tano. Katika hizo hulipa kodi ya chumba, intaneti na wino wa printa.

"Bei hainisumbui sana. Bei ni kama mvua, unaisoma tu," anasema huku akisubiri ukurasa ufunguke. "Wanaonimaliza ni watu wangu mwenyewe."

Anaeleza. Mteja akipewa bei nzuri, hanunui. Anasema, 'Ngoja nishauriane.' Safari ya mtu mmoja ni jambo la ukoo mzima. Huyu anachanga, yule anauliza kwa nini asiende kwa basi, mwingine yuko ng'ambo na bado hajaamka. Wakishakubaliana, kiti kimeuzwa.

"Nawaambia nunueni kwanza, mgombane baadaye! Wananiangalia kana kwamba nimewatukana wazazi wao."

Ukurasa unafunguka. Jumanne, Nairobi hadi Mandera, kuna kiti cha shilingi elfu kumi na moja na mia tano. Arbia anaufahamu mstari ulioandikwa chini ya bei hiyo. Kimebaki kimoja.

"Ayeeyo, chukua hiki sasa hivi."

"Nimekichukua," anasema Ebla, na kutoa mkono wake chini ya shali.

Arbia anasema hakufikiria. Marehemu baba yake alikuwa dalali katika soko la mifugo la Garissa, ambako bei haitajwi hadharani. Muuzaji na mnunuzi hushikana mikono chini ya kitambaa na kuzungumza kwa vidole ili wa pembeni wasisikie. Alipokuwa mdogo alisimama miguuni pa baba yake akitazama vitambaa vile vikichezacheza.

Basi naye anaingiza mkono chini ya shali. Ebla anashika kidole chake kimoja kwa elfu kumi, kingine kwa moja, kisha nusu ya kidole kwa mia tano. Anafinya. Arbia naye anafinya.

"Imefungwa," anasema Ebla kwa kuridhika. "Sasa ngoja nishauriane na wanangu."

Arbia anafumba macho.

Kwa watu wa soko lile, bei iliyofinywa haisogei tena hata mnyama akizaa pale pale. Na yeye ameifinya kwa kiti ambacho si chake, katika kompyuta isiyojua shali ni nini. Tena ukutani nyuma yake kuna karatasi aliyoichapa mwenyewe kwa herufi kubwa: BEI HUBADILIKA WAKATI WOWOTE.

Mashauriano yanaanza. Abdirahim, mwana wa pili wa Ebla anayeuza nguo Eastleigh, Nairobi, anapokea simu ya Arbia haraka.

"Sista, elfu kumi na moja si ni nyingi? Mimi nimeona mahali elfu sita."

"Uliona ya Mombasa, ndugu yangu. Mama yako anaenda kuogelea?"

Abdirahim anacheka na kukubali kuchangia, lakini hawezi kutuma chochote kabla kaka yake mkubwa hajasema. Kaka huyo, Shirwa, yuko nyuma ya ngamia nje ya Kutulo na hupata mtandao akipanda kilimani. Mdogo wao Fathi anaendesha malori Minnesota, Marekani, na huko bado ni usiku.

"Mwamsheni!" Arbia anasema.

"Amsha dereva wa lori?" Abdirahim anashangaa. "Wewe unataka atuue kwa maneno?"

Ebla anasikiliza yote akinywa chai, bila haraka. Kwake hakuna cha kuharakisha. Bei imeshafungwa.

Wateja wengine wanaingia na kutoka. Mwalimu anataka kujua kama mtoto wa miaka miwili na nusu anaweza kuhesabiwa wa mwaka mmoja, kwa kuwa ni mwembamba. Kijana anataka tiketi ya kwenda Istanbul kwa bei ambayo rafiki yake alilipa mwaka juzi. Arbia anawajibu huku jicho moja likiwa kwenye kile kiti. Mara mbili anamgeukia Ebla kumwambia kwamba kitapotea, na mara mbili Ebla anamwonyesha kiganja chake, kwa upole, kama anayemkumbusha mtoto adabu.

Baada ya adhuhuri Shirwa anapanda kilima. Ana swali moja tu.

"Kwa nini asipande basi la Wajir, nimfuate hapo na gari?"

"Kwa sababu daktari kasema basi ndilo litakalomvunja!" Arbia anapaza sauti hadi muuza viatu wa jirani anachungulia. "Walaahi, Shirwa, nyonga ni ya mama yako, si yangu!"

Shirwa anasema kwamba yeye amekubali, ila si vizuri Fathi aachwe nje ya jambo la mama. Fathi anaamka. Anakubali kwa neno moja, anawalaumu kwa kumchelewesha, na anatuma sehemu yake.

Simu ya Arbia inalia. Abdirahim ametuma elfu kumi na moja na mia tano kamili, pamoja na ujumbe: *Tumekubaliana sote, alhamdulilahi.*

Arbia anabonyeza. Skrini inazunguka, inasimama, inaandika upya. Kile kiti kimeenda. Kinachofuata Jumanne hiyo hiyo ni elfu kumi na tano na mia nane.

Anakaa akiitazama tofauti hiyo. Anaweza kumpigia Abdirahim simu, na mashauriano yataanza upya. Kilima kitapandwa tena, na pengine hata hicho kilichobaki kitauzwa. Anaweza kunyoosha kidole kwenye karatasi ya ukutani. Hakuna ambaye angemlaumu, ila pengine mama mmoja aliyeketi mbele yake, anayejifuta chai mdomoni na kuuliza, "Imekwisha?"

Ndani ya droo kuna bahasha. Kwa miaka saba Arbia amewarusha watu angani na yeye hajawahi kupanda ndege. Mwaka huu alianza kuweka kidogo kidogo ili aende Wajir kumtembelea dada yake Saynab, na ajue hatimaye anauza nini. Alikuwa amebakiza kidogo tu kufikia nauli.

"Ningesema hapana," anakiri baadaye, na uchovu wa siku nzima uko sautini. "Lakini baba yangu alikufa hajawahi kurudisha mkono uliokwisha finywa. Mimi nianze kwa kiti cha ndege?"

Ana ndoto ya siku ambayo ndege ya abiria itakuwa ikiondoka Garissa kwa ratiba, kwa nauli ambayo muuza maziwa anaweza kuilipa. Ameandika kwa mashirika mawili ya ndege na atayaandikia tena. Ameapa kwamba siku hiyo kiti cha kwanza kitakuwa chake, na hatashauriana na mtu. Wajir itasubiri.

Kwa sasa anafungua bahasha, anahesabu noti, anaziweka kando na kubonyeza tena. Printa inanguruma. Ebla anaondoa mkongojo wake ili kuipa nafasi.

"Bei ni ile ile ya mkononi?" anauliza, akiipokea karatasi.

"Ile ile, ayeeyo," Arbia anajibu. "Jumanne. Usichelewe, ndege haishauriani na mtu."